Kusaka Mandhari Zilizopotea za Ndege za Kompyuta

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tumezoea kuiandikia insha za duka na biashara, lakini leo naileta kwenye kompyuta.

Upo mchezo uitwao Microsoft Flight Simulator, unaomkalisha mtu kwenye kiti cha rubani. Miongoni mwa matoleo yake ya zamani ni lile la 98 lililotoka 1997, la 2004 lililotoka 2003, na FSX la mwaka 2006. Toleo la 2004 lilikuwa na viwanja vya ndege zaidi ya 20,000 vya dunia nzima. Hata hivyo, viwanja vingi vidogo vilikuwa njia ya kurukia tu, bila majengo yake ya kweli. Basi wapenzi wa mchezo wakachora wenyewe majengo, minara na miti, wakawagawia wenzao bure kwenye intaneti. Hizo ndizo mandhari za nyongeza.

Sasa utauliza, zilipoteaje? Wengine waliziweka katika kurasa za bure kama zile za GeoCities, zilizofungwa Oktoba 2009. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, wadukuzi waliivamia AVSIM, tovuti iliyoanza 1996 na iliyokuwa ghala kubwa la kazi hizi. Ilikuwa na seva mbili, kila moja ikiiwekea mwenzake nakala ya akiba. Wadukuzi wakaziharibu zote mbili! Tovuti ilifunguliwa tena baadaye, lakini funzo lilibaki: nakala mbili zinazofunguliwa na ufunguo mmoja ni sawa na nakala moja.

Je, mtu azitafute vipi? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwanza, jua herufi nne za kiwanja. Viwanja vya Kenya huanza na HK: Mombasa ni HKMO, na Malindi, iliyo mbele yetu hapa Tezo kwenye barabara hii ya lami, ni HKML. Ukiandika "Malindi" peke yake utaletewa hoteli na fuo za bahari. Ukiandika HKML utaletewa ndege.

Pili, ukikuta ukurasa umekufa, chukua anwani yake uipeleke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, iliyofunguliwa kwa watu wote 2001. Mara nyingi utaupata ukurasa lakini faili yenyewe haimo. Usivunjike moyo. Ukurasa utakupa jina kamili la faili, nawe utalisaka jina hilo katika maghala mengine na katika nakala za CD za zamani zilizohifadhiwa humo humo.

Tatu, ukiipata, soma kwanza maelezo yaliyomo. Yatakuambia ilitengenezewa toleo gani, maana mandhari ya 98 yaweza kugoma kabisa kwenye FSX. Majengo hukaa katika faili zinazoishia na BGL, ndani ya folda ya "scenery". Picha za kuta na paa hukaa katika folda ya "texture". Ukiisahau hii ya pili, majengo hayatakuwa na sura yake. Maelezo hayo pia husema kama mwenyewe ameruhusu kazi yake igawiwe wengine. Kutafuta si kuiba.

Huenda mtu akasema, ati huu ni mchezo tu. La hasha! Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jumba la abiria wanaowasili katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Mandhari iliyochorwa kabla ya siku hiyo yaweza kuwa na jumba lile lingali limesimama. Aliyeichora alidhani anacheza, kumbe alikuwa anaweka kumbukumbu.

Wanachama wenzangu, mashairi na picha za chama chetu nazo ni mali. Tuweke nakala moja shuleni, moja kwenye flash, na ya tatu kwa mtu mwingine, nyumba nyingine. Kisha tuandike daftarini ni nini na iko wapi.

Kwa haya machache, natua.