Malungu, Nzige na Radi: Utangulizi

Katika uwanda wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, bado yamesimama matanuri ya udongo, marefu kupita mtu, mengine yamebomoka hadi usawa wa kiuno. Wafipa huyaita malungu. Moja ni ilungu. Humo mafundi waliyeyushia chuma cha majembe na mashoka, hadi bidhaa za viwandani zilipowanyang'anya wateja. Mgeni hupita, akapiga picha, akaenda zake. Kitabu hiki ni cha yule anayebaki akijiuliza moto ule uliwakaje bila mvukuto, nani alikuwa na idhini ya kuuwasha, na leo nani ana haki ya kuusimulia.

Maswali hayo hayamalizwi na mtu wa fani moja. Vijana wanaotoka vyuoni na kupata kazi ya kuelimisha umma kuhusu sayansi, iwe redioni au katika mradi wa afya au kilimo, huwa nawaambia kwamba hawana haja ya kuiacha kazi hiyo ndipo wawe wanahistoria. Waje nayo Sumbawanga, mji wa uwanda huu. Waongeze utafiti wa historia na siku za kujitolea, waone jinsi kila kazi inavyoikosoa mwenzake.

Tuanze na ilungu lenyewe. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likafika mita 3 hivi, na chini likaachiwa matundu. Hewa yenye joto ilipopanda iliivuta hewa baridi iingie kupitia matundu hayo. Ndiyo maana mvukuto haukuhitajika. Mkaa uliowaka ulitoa gesi iliyonyang'anya oksijeni kutoka kwenye mawe yenye madini. Kilichopatikana kilikuwa chuma kilichochanganyika na taka, kikahamishiwa tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo sasa mivukuto ikapulizwa ili kukisafisha kabla ya kufuliwa. Mwelimishaji wa sayansi akiishia hapo amesema kweli, ila nusu. Mafundi walilitendea ilungu kama bibi harusi, wakaweka dawa ndani yake, wakajitenga na wake zao kwa muda wa kazi. Wapo wanaoyaona hayo kuwa imani iliyobandikwa juu ya ufundi. Mimi nayasoma kama kanuni za kazi: yaliamua nani aingie, siri ibaki kwa nani, na lawama imwangukie nani chuma kikikataa kutoka.

Historia nayo ina lake la kumsahihisha anayesema kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu enzi. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichunguza mabaki ya wilaya ya Nkansi, humu humu Ufipa, na kuonyesha kwamba kabla ya malungu palikuwa na katukutu, tanuri fupi la ufundi mwingine. Jadi ilibadilika. Kuna watu walioamua kuibadilisha, na watu hao ndio tunaowatafuta.

Kisha kuna radi. Nchi nzima huitania Sumbawanga kwa uchawi na radi za kutumwa, na mwandishi mvivu hupenda kuanzia hapo. Uwanda huu uko juu na sehemu kubwa ni nyasi. Mvua ikimkuta mkulima shambani, huenda yeye ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu. Kwa nini radi impige yeye laelezeka kwa dakika tano. Lakini asiyejua historia ya tuhuma katika kijiji husika, nani aliwahi kufukuzwa na kwa ugomvi gani wa mpaka wa shamba, atatoa somo safi la umeme, aondoke, amwache hatarini yule anayetuhumiwa kuituma radi.

Bondeni, chini ya uwanda, kuna jambo jingine. Ziwa Rukwa hupanuka na kusinyaa, na maji yakirudi nyuma huacha mbuga za nyasi wanamozaliana nzige wekundu. Baada ya makundi yao kuenea hadi kusini mwa Afrika katika miaka ya 1930, shirika la kimataifa la kuwadhibiti lilianzishwa mwaka 1949, makao yakiwa Abercorn, Mbala ya sasa, ng'ambo tu ya mpaka wa Zambia. Kumbukumbu za wazee kuhusu njaa na takwimu za wataalamu kuhusu ziwa zinastahili kusomwa pamoja.

Kuhusu kujitolea nitasema zaidi, maana ndiko kunakoharibika upesi. Mfano ninaoupenda ni Adrian Atiman, mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, kisha akaletwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Aliwatibu watu huko hadi kufariki kwake mwaka 1956. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946, na mpangilio huo ndio wa kuzingatia: alikuwa amekwisha kutibu kwa zaidi ya nusu karne. Siku hizi tunaugeuza. Tunawapima watu presha asubuhi ili jioni watupe hadithi. Hayo ni malipo yaliyojificha, na msimulizi anayajua fika; atakupa hadithi ya thamani ile ile.

Yaliyobaki ni ya utaratibu. Pata kwanza kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kisha barua za mkoa na wilaya, na ujitambulishe kwa mtendaji wa kijiji kabla hujamtafuta mzee yeyote. Kuchimba kuna leseni yake, na hata kipande cha mavi ya chuma usikitie mfukoni. Uliyoandika yarudishe kijijini na kuyasoma kwa sauti kabla hayajachapishwa. Wasikilizaji watakukatiza, nawe uwaache. Na ukifika mwishoni mwa masika ukakuta watu wako mashambani wakifukia nyasi ndani ya matuta yao, yaitwayo intumba, mahojiano yaahirishwe. Omba jembe.