Klachi Si Breki: Namna ya Kusimamisha Gari la Manyuali

Madereva wengi wa magari ya manyuali hukanyaga klachi mapema mno wanapotaka kusimama. Wakiona abiria kwenye steji au tuta mbele, mguu wa kushoto ndio unaotangulia, kisha gari linaachwa lijiendee. Kwenye barabara tambarare kosa hilo huenda lisionekane. Kwenye mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa, linaweza kuua.

Klachi huunganisha injini na magurudumu. Dereva akiikanyaga, muungano huo hukatika na gari huenda kwa uzito wake. Lakini gia ikiwa imeingia na mguu umetoka kwenye mafuta, injini yenyewe hupunguza kasi ya magurudumu. Anayewahi klachi huachia breki kazi yote.

Utaratibu unaofaa ni huu. Ondoa mguu kwenye mafuta, kanyaga breki polepole, uache klachi kwanza. Gari likikaribia kusimama na injini kuanza kutetemeka, hapo ndipo ukanyage klachi ili isizime. Likishasimama, weka nyutro, vuta handibreki, uachilie klachi. Si lazima kushuka gia moja moja hadi ya kwanza. Kwa dharura, kama mtoto akikatiza barabara, kanyaga breki kwa nguvu na klachi ifuate. Injini ikizima hapo si hasara.

Kwenye mteremko, jambo muhimu ni kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kuishiwa nguvu, na dereva wa lori lililojaa mzigo akigundua hivyo katikati ya mteremko, kuingiza gia ndogo huwa vigumu kwa sababu ya kasi. Tabia ya kutoa gia ili gari literemke lenyewe imetajwa mara nyingi katika ajali za Salgaa. Vizuizi vya katikati ya barabara huzuia gari kuvukia upande wa pili. Havimsaidii aliye mbele ya lori lisilo na breki.

Wanaotoa gia husema wanaokoa mafuta. Kwa injini ya zamani ya kabureta hoja hiyo ilikuwa na ukweli kidogo. Magari mengi ya sasa hukata mafuta yenyewe gari linapoteremka likiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye mafuta. Likiwa nyutro, injini hulazimika kunywa mafuta ili isizime. Wanaozima injini kabisa wamo hatarini zaidi: pampu ya upepo wa breki za lori huendeshwa na injini, na katika gari dogo, pedali ya breki huwa nzito baada ya kukanyagwa mara chache.

Kuna pia gharama. Kusubiri kwenye msongamano ukiwa umekanyaga klachi huchakaza beringi yake, na mguu ukiteleza gari huruka mbele, pengine kwa watu wanaovuka. Kushikilia gari mlimani kwa nusu klachi huunguza pleti, tumia handibreki. Ukisikia harufu ya kuungua, au injini ikinguruma bila gari kuongeza kasi, lipeleke kwa fundi kabla ya safari ndefu.