Sakafu Kabla ya Marumaru

Ni ada ya wengi wetu, tunapoazimia kubadili sakafu ya nyumba, kwenda kwanza dukani kutazama rangi na mng'aro wa marumaru, ilhali jambo lipasalo kutangulia, nalo aghalabu hudharauliwa kwa kuwa halionekani kazi ikishakwisha, ni kuichunguza sakafu ya saruji iliyopo na kuyajua maradhi yake.

Twaa ubao ulionyooka, wa urefu wa mita 2, uulaze sakafuni huku na huku, na taa iwekwe chini upande wa pili: palipobonyea mwanga utapenya. Mwanya wa milimita 3 hauna taabu. Ukizidi hapo, marumaru ya sentimita 60 kwa 60 hayatatulia, kwani pembe moja itainuka ikwaze vidole, na chini ya nyingine patabaki utupu, hata siku kabati zito litakapoburutwa juu yake kipande kipasuke. Vipande vidogo hustahimili zaidi. Ama zulia la plastiki, kwa wembamba wake, halisitiri donge hata moja.

Kisha gonga kwa mpini wa nyundo. Panapotoa sauti ya utupu pamebanduka, na hapana budi pavunjwe kwa tindo hadi penye uzima, pafagiliwe vumbi, palowanishwe, ndipo pajazwe saruji na mchanga kwa kadiri ya 1 kwa 3. Wapo mafundi wanaoziba mabonde kwa kurundika gundi ya marumaru; mimi siiafiki kazi hiyo, maana gundi nene hunywea ikikauka, na kipande hushuka pamoja nayo.

Unyevu nao una hila zake. Bandika karatasi ya nailoni sakafuni, uzibe kingo zote, uiache siku mbili. Ukikuta matone chini yake, usithubutu kutandika mbao wala plastiki kabla ya kuzuia maji yapandayo ardhini. Na katika nyumba kongwe za Lamu na Unguja, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hadhari iwe maradufu: chokaa huuachia unyevu utoke, bali saruji na marumaru huuziba, ukahamia kutani na kuubambua ukuta. Sakafu hizo zitengenezwe kwa chokaa ile ile.

Mwisho, pima milango kabla ya kununua chochote, kwani marumaru na gundi yake huinua sakafu kiasi cha kuuzuia mlango usifunguke.