Utangulizi: Nakala na Mkono Ulioiandika

Anayeishi Lugoba, malori ya kokoto yakipita mchana kutwa kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, ana haki ya kuuliza karatasi za Scotland zinamhusu nini. Zinamhusu sana. Mengi yaliyoandikwa na wasafiri wa karne ya 19 kuhusu njia za misafara, zikiwemo zilizokatisha Ukwere na Uzaramo, yalitoka bara yakiwa ndani ya mizigo ya wapagazi, yakapandishwa majahazi Bagamoyo, yakavuka bahari. Sehemu yake sasa iko katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh, na nyingine iko katika makumbusho ya Blantyre, mji mdogo alikozaliwa msafiri na mmisionari David Livingstone mwaka 1813. Karibuni basi katika fani ya kusoma miswada. Nitaanza na kitu ambacho wanaoingia fani hii hukidharau, yaani nakala.

Sababu ya kuidharau naielewa. Siku hizi tukisema nakala tunafikiria kivuli cha cheti, kile kinachohitaji muhuri wa wakili ndipo ofisi ikubali kukipokea. Kabla ya mashine, kunakili kulikuwa kazi ya mtu mwenye kalamu, macho yaliyochoka na sababu zake mwenyewe. Barua zilipotea njiani, zikaibwa, zikalowa, na aliyejali aliziandika mara mbili. Ofisi za ubalozi zilibakiza nakala za barua zilizotoka, na ndiyo maana mtafiti wa mambo ya John Kirk, Mskoti aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, hawezi kutegemea London na Edinburgh peke yake bila kufika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja. Kwetu Pwani kunakili kulikuwa ufundi unaoheshimika: Muhamadi Kijuma wa Lamu alizinakili tenzi kwa hati ya Kiarabu nzuri mno, na miswada aliyowaandikia wataalamu wa Kizungu bado inasomwa hadi leo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Livingstone, kwa kuwa humo mwandishi na mnakili ni mtu yuleyule. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, Kongo ya mashariki. Karatasi zilikuwa zimemwishia, wino vilevile. Akachukua gazeti kuukuu, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akaandika juu ya habari zilizochapwa, mistari yake ikizikatisha safu za gazeti. Wino ulitokana na mbegu alizoziita zingifure, na wanaoufahamu mzingefuri watajua ni rangi gani. Rangi hiyo ilififia, chapa ya gazeti ikabaki nyeusi vilevile, na kwa zaidi ya miaka 100 kurasa hizo zilikuwa karibu hazisomeki. Mwaka 2010 kikundi kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kilianza kuzipiga picha chini ya mianga ya aina nyingi, mingine ikiwa ile ambayo jicho haliioni. Wino wa mbegu na wino wa gazeti haviakisi mwanga kwa namna moja, kwa hiyo kompyuta iliweza kuvitenganisha. Matokeo yalitolewa mwaka 2011.

Dunia haikuwa imesubiri hadi hapo kupata habari zake. Baada ya kukutana na mwandishi wa habari Henry Stanley huko Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, Livingstone aliendelea kuyahamishia maandishi yake ya njiani katika daftari kubwa, kwa mwandiko uliotulia. Daftari hilo tunaliita Jarida la Unyanyembe. Stanley alilichukua Machi 1872, na mwezi Mei likafika Bagamoyo pamoja naye.

Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alishuhudia watu wakimiminiwa risasi sokoni Nyangwe, na habari za siku hiyo zilichochea shinikizo la Waingereza dhidi ya biashara ya watumwa, hadi Sultani Barghash akatia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliolifunga soko la watumwa Zanzibar. Sasa weka kurasa za gazeti kando ya daftari, kisha uweke kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone alichokihariri Horace Waller mwaka 1874. Una masimulizi matatu ya mtu mmoja, na hayalingani. Wisnicki ameonyesha kwamba baadhi ya maneno kuhusu mwenendo wa watu waliofuatana na Livingstone mwenyewe yapo kwenye gazeti, na kwenye nakala yamelainishwa au hayapo. Simwiti mwongo. Anayenakili baada ya miezi kadhaa ameshajua nani atakayesoma, na kalamu yake inajua pia. Kwangu mimi, tofauti hizo zina thamani kuliko ukurasa wowote mmoja ukiwa peke yake.

Usidhani kwamba waandishi walikuwa Wazungu tu. Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani akasomeshwa Nasik, India, alikuwapo kijijini kwa mtemi Chitambo, pale Livingstone alipofariki mwaka 1873. Aliandika shajara ya safari ya kuuleta mwili hadi Bagamoyo, uliofika Februari 1874, kisha akaenda nao Uingereza kwa mazishi ya tarehe 18 Aprili. Shajara yake ilichapishwa kwanza kwa Kijerumani, mwaka huohuo, ilhali muswada wa Kiingereza wenye mwandiko wake uko Blantyre. Yeye mwenyewe alifia Urambo mwaka 1892. Abdallah Susi na James Chuma, viongozi wa msafara ule, hawakupata bahati ya kuacha shajara kwa mkono wao wenyewe. Waliyoyaeleza tunayapata kupitia kalamu ya Waller, na msomaji makini atajiuliza katika kila aya ni nani hasa anayesema.

Anza na Wainwright. Picha za kurasa zake zinapatikana bure kwenye tovuti ya Livingstone Online, na simu yenye bando inatosha. Chukua ukurasa mmoja, unakili mstari kwa mstari. Usisahihishe tahajia, usiongeze nukta ambayo hukuiona, na palipofutika andika kwamba pamefutika. Ukikwama kwenye jina la mtu au mahali, litamke kwa sauti. Hapo wewe wa Lugoba una masikio ambayo wanafunzi wengi wa Edinburgh hawana: “Bambarre” ya Livingstone ni Kabambare, na “Tagamoio” aliyemtaja Nyangwe ni Mtagamoyo. Ukimaliza, andika pembeni jina lako, tarehe, na ulikuwa ukitazama picha au karatasi yenyewe, kwa maana atakayeisoma nakala yako naye atataka kujua ni mkono wa nani.