16 Mkononi, 10 Mezani: Utafanyaje?

Shosti, umewahi kushika 16 huku mgawa karata amefunua 10? Mimi yalinikuta kwenye kasino moja jijini Dar, mume wangu pembeni ananinong'oneza, "Simama hapo hapo mama watoto, usiombe!" Nikasimama. Tukaliwa. Usiku ule ilikwenda hela ya ada, na nyumbani tukanuniana wiki nzima.

Baadaye nikajifunza. Mwaka 1956, Wamarekani wanne waliokuwa jeshini walichapisha hesabu za blackjack walizopiga kwa mashine za mezani. Hadi leo zinatufaa.

Una 16 isiyo na ree, naye ana 7 mpaka ree? Omba. Mara nyingi utaliwa tu, ila hasara inapungua. Una 12? Simama akiwa na 4, 5 au 6, vinginevyo omba. Akianza na 6, hupitiliza 21 kama mara 42 katika 100, basi mwache aanguke mwenyewe. 8 mbili? Zitenganishe. 10 mbili? Usiziguse. Bima? Achana nayo.

Kanuni za meza zikiwa nzuri, ukifuata yote, kasino inabaki na faida ya kama nusu shilingi kwa kila 100. Inapungua, haiishi! Hapo ndipo mimi na baba watoto tulipoelewana: tunaingia na hela ya starehe tu, ikiisha tunanyanyuka. Ada inakaa benki.