Kila Mtaa wa Buffalo na Vipapatio Vyake

Mgeni akifika Buffalo, jiji la magharibi ya jimbo la New York kando ya Ziwa Erie, akawauliza wenyeji watatu mahali pa kula vipapatio vya kuku, atapewa majina matatu. Kila mmoja atamhakikishia kwamba wale wawili wengine wamempotosha. Ubishi huo hausuluhishwi kwa kuonja, kwa sababu katika jiji hili baa ya vipapatio hurithiwa kama parokia: mtu huenda alikopelekwa na baba yake, na akihamia kitongoji kingine hurudi kulekule siku za Ijumaa.

Chakula chenyewe hakina mambo mengi. Bawa hukatwa kwenye maungio, ncha ikawekwa kando, vikabaki vipande viwili: kimoja kinene chenye umbo la paja dogo, na kingine bapa chenye mifupa miwili myembamba. Hukaangwa katika mafuta mengi bila kupakwa unga hadi ngozi ikauke na kuwa ngumu kidogo, kisha hutiwa kwenye bakuli na kurushwarushwa pamoja na mchuzi wa pilipili ya keyeni uliochanganywa na siagi au majarini. Huletwa mezani vikiwa kumi au ishirini, pamoja na mabua ya seleri na kibakuli cha rojo la jibini la buluu. Katika majimbo mengine ya Marekani watu huchovya kwenye mchuzi wa maziwa uitwao ranch. Anayeuomba ranch Buffalo hujulikana papo hapo kuwa amekuja na basi la asubuhi.

Msomaji aliyelelewa kwenye nyumba ambako firigisi ni ya baba au mgeni, na vipapatio na shingo huachiwa watoto, ataona jinsi kiungo hiki kilivyopanda cheo. Kule Marekani nako, kabla ya miaka ya 1960, mabawa yaliuzwa kwa bei ya chini na mengi yaliishia kwenye sufuria ya supu.

Kilichobadilisha mambo kinasimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Simulizi inayojulikana zaidi ni ya Anchor Bar, baa ya familia ya Bellissimo iliyoko Main Street. Mwaka 1964, Teressa Bellissimo alikaanga mabawa, akayachanganya na mchuzi wa pilipili, akayapeleka kwa wateja pamoja na seleri na jibini la buluu. Hapo ndipo maelezo yanapoachana, tena ndani ya nyumba ileile. Mwaka 1980 mwandishi Calvin Trillin alikwenda Buffalo kwa niaba ya jarida la The New Yorker kutafuta chanzo cha chakula hiki. Mzee Frank, mume wa Teressa, alimweleza kwamba mabawa yaliletwa kwa makosa badala ya vipande vilivyoagizwa kwa ajili ya mchuzi wa tambi. Mtoto wao Dominic akatoa maelezo mengine: ilikuwa Ijumaa usiku, baa imejaa Wakatoliki ambao enzi hizo hawakula nyama siku hiyo, naye akamwomba mama yake atayarishe kitu cha kuwakirimu saa sita ya usiku itakapogonga.

Simulizi hiyo ya Dominic, iwe sahihi au isiwe, inaeleza Buffalo vizuri kuliko ile ya baba yake. Jiji lilijengwa na Wairishi, Wapolandi na Waitalia, Wakatoliki waliofanya kazi kwenye viwanda vya chuma na maghala ya nafaka, wakapokea mshahara na kukutana baa. Mwishoni mwa 1966 maaskofu wa Marekani walilegeza sharti la kutokula nyama kila Ijumaa, likabaki kwa Kwaresima. Tangu hapo Ijumaa ikawa na kalenda yake. Wakati wa Kwaresima familia hula samaki wa kukaanga, na katika majuma mengine ya mwaka huagiza piza na vipapatio. Ndiyo maana duka la piza lisilouza vipapatio ni nadra sana Buffalo, na ndiyo maana watu wengi wa huko, wakitaja kipenzi chao, hutaja duka la mtaani lisilo na sifa yoyote nje ya mitaa minne au mitano.

Lakini kuna mtu mwingine ambaye jina lake lilichelewa mno kupewa nafasi. John Young, mtu mweusi mwenye asili ya Alabama, aliuza mabawa kwenye Jefferson Avenue, upande wa mashariki wa jiji, katika miaka hiyohiyo ya 1960. Yeye hakuyakata. Aliyapaka unga, akayakaanga mazima, na kuyamwagia mchuzi mtamu wenye ukali uitwao mambo. Mkahawa wake, Wings 'n Things, ulipendwa na watu weusi wa Buffalo, nao hawakuhitaji kufika Main Street ili kujua utamu wa bawa. Main Street ndiyo iliyokuwa mpaka: magharibi wazungu, mashariki weusi. Mwaka 1967 zilitokea ghasia upande wa mashariki, na mwaka 1970 Young akahamia Illinois. Mwaka 1977, meya Stanley Makowski alipotangaza Julai 29 kuwa siku ya vipapatio, sifa zilikwenda Anchor Bar. Trillin ndiye aliyeandika madai ya Young kwamba yeye alitangulia.

Aliyevumbua bawa lililokatwa, lisilo na unga, lenye siagi na pilipili, ni Teressa; hapo hakuna sababu ya kumnyang'anya. Hata hivyo, kufanya mabawa kuwa chakula cha kukalia mezani na kukilipia ni jambo ambalo Young alilifanya kwa wateja wake, na jiji lililomsahau kwa miaka mingi lilijidhulumu lenyewe. Jefferson Avenue ilitajwa duniani kote Mei 2022, muuaji mbaguzi alipowaua watu weusi 10 katika duka la vyakula. Inafaa barabara hiyo ikumbukwe pia kwa kazi ya mikono ya watu wake.

Watalii kwa kawaida hupewa chaguo la majina mawili, Anchor Bar au Duff's. Duff's ilianza kama baa katika Sheridan Drive, kitongoji cha Amherst, ikaingiza vipapatio mwaka 1969. Huko mchuzi ni mwingi, hutuama chini ya sahani, na kibao kinawaonya wageni kwamba ukali wa wastani tayari ni mkali. Rais Barack Obama alipozuru eneo hilo Mei 2010 kuzungumzia ajira, alisimama tawi la Duff's lililoko Cheektowaga kununua vipapatio, na wapenzi wa Anchor Bar wakalazimika kumeza.

Wenyeji wenyewe husikiliza mashindano hayo kwa uvumilivu, kisha hutaja jina la tatu. Kwa wengi ni Bar-Bill Tavern ya East Aurora, mji mdogo ulio kusini mashariki mwa jiji, ambako mchuzi hupakwa kwa brashi, kipapatio kimoja baada ya kingine, ili ngozi isilowe. Anayependa ngozi kavu hatamwelewa anayependa mchuzi wa kutiririka, na hapo mjadala wa ladha huwa wa haki kabisa: muda wa kukaanga, kiasi cha siagi, ukubwa wa bawa, uzito wa jibini la buluu na kama limetengenezwa jikoni au limetoka koponi. Maswali haya huulizwa kwa umakini, na mwenye baa anayebadilisha aina ya pilipili bila kuwataarifu wateja atasikia habari zake kabla ya jioni.

Ushupavu huu una sababu. Mwaka 1950 Buffalo ilikuwa na watu 580,132. Viwanda vikafungwa kimoja kimoja, na mwaka 1983 Bethlehem Steel ilisimamisha sehemu kubwa ya uzalishaji wa chuma katika Lackawanna, jirani na jiji. Maelfu waliondoka kutafuta kazi majimbo ya kusini, na popote walipofika walitafuta baa inayoonyesha mechi za Bills, timu yao ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, na kulalamikia vipapatio vyake. Wakati huo kampuni nyingine zikatajirika kwa jina la jiji. Buffalo Wild Wings ilianzishwa Columbus, Ohio, mwaka 1982, na wenyeji wa Buffalo hawaihesabu kuwa yao. Mtu aliyepoteza kiwanda, majirani na wajukuu waliohamia mbali, akabakiwa na chakula ambacho dunia nzima inakiita kwa jina la mji wake, ana haki ya kukililia.

Hata tamasha la vipapatio lilizaliwa kutokana na ushupavu huo. Katika filamu Osmosis Jones ya mwaka 2001, mhusika wa Bill Murray anatamani kuhudhuria tamasha la vipapatio la Buffalo, na watu wa Buffalo wakagundua kwamba hawana tamasha kama hilo. Mwaka uliofuata Drew Cerza akalianzisha, mwishoni mwa juma la sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba, na likafanyika kwa miaka mingi kwenye uwanja wa besiboli katikati ya jiji.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 278,349, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa idadi kuongezeka tangu ile ya 1950. Miongoni mwa waliojaza nyumba zilizoachwa upande wa magharibi ni wakimbizi kutoka Burma, Somalia, Burundi na Kongo, na Kiswahili sasa kinasikika madarasani na madukani. Katika West Side Bazaar, soko la wajasiriamali wahamiaji lililoanza mwaka 2011, mapishi ya Afrika huuzwa karibu na ya Asia. Watoto wa familia hizo wanakua wakila ugali nyumbani na piza na vipapatio pamoja na wenzao wa shule. Nao watachagua duka lao la Ijumaa, na watalitetea.

Msomaji atakayepita Buffalo akielekea Maporomoko ya Niagara aanze Anchor Bar, kwa heshima ya Teressa, kisha aelekee mashariki afike Jefferson Avenue, kwa heshima ya Young. Aagize ukali wa wastani, asiombe ranch, na kabla ya kulipa amuulize mhudumu yeye mwenyewe hula vipapatio wapi siku yake ya mapumziko. Huko ndiko aende kesho yake.