Pomboo Ananyonyesha

Siku moja tulikwenda katika kijiji kimoja cha wavuvi kuangalia darasa la kisomo. Tulikuta darasa tupu. Watu wote walikuwa ufukweni. Pomboo alikuwa amenaswa usiku katika jarife, naye alikuwa amekufa. Alipopasuliwa, maziwa yalimwagika mchangani, meupe na mazito.

Mvuvi mmoja kijana alishangaa, akasema, "Samaki gani huyu ana maziwa?"

Mama mmoja, mkunga wa pale kijijini, yeye hakushangaa. Aliuliza swali moja tu: "Na mtoto wake yuko wapi?"

Siku ile tuliliacha somo tulilokuwa tumeandaa. Tulikaa chini ya mkungu, tukazungumza habari za pomboo. Leo tunawaletea na ninyi mazungumzo hayo.

POMBOO SI SAMAKI

Pomboo anaishi baharini, ana mapezi na mkia. Kwa hiyo watu wengi humwita samaki. Lakini tumtazame vizuri.

Samaki wengi wana magamba. Pomboo hana magamba, ngozi yake ni laini. Samaki anavuta hewa iliyomo majini kwa matamvua, yale mashavu mekundu ya ndani. Pomboo hana matamvua. Ana mapafu kama yetu. Samaki wengi hutaga mayai. Pomboo huzaa mtoto, akamnyonyesha. Basi pomboo yuko katika kundi moja na ng'ombe, mbuzi na binadamu. Wataalamu huwaita wanyama hao mamalia.

Tazama pia mkia. Mkia wa samaki umesimama, nao hupiga kushoto na kulia. Mkia wa pomboo umelala, nao hupiga juu na chini. Hata ukiwa mbali na chombo chako utamtambua.

MWILI WAKE

Pua ya pomboo iko utosini. Ni tundu moja tu. Akiibuka hulifungua, hutoa pumzi kwa nguvu, huvuta hewa mpya, kisha hulifunga na kuzama. Huweza kubana pumzi kwa dakika kadhaa. Hawezi kuvuta hewa kwa mdomo, maana njia ya hewa na njia ya chakula zimetengana.

Meno yake ni karibu 100, yamechongoka. Hayatafuni. Kazi yake ni kukamata samaki, naye humeza mzima. Tumbo lake lina vyumba zaidi ya kimoja kama la ng'ombe, ila pomboo hacheui.

Damu yake ina joto kama yetu. Chini ya ngozi ana mafuta mengi. Mafuta hayo ndiyo blanketi lake baharini.

Na mapezi yake ya mbele je? Ukiondoa ngozi na nyama utakuta mifupa ya mkono: mfupa wa juu, mifupa miwili ya chini, na mifupa ya vidole. Ni mkono uliovikwa ngozi ukawa kasia.

MTOTO TUMBONI

Pomboo hubeba mimba kwa miezi 12 hivi. Kwa kawaida huzaa mtoto mmoja.

Hapa kuna jambo la ajabu. Katika mwezi wa kwanza wa mimba, mtoto huota vijivimbe vinne: viwili mbele na viwili nyuma, kama mtoto wa mnyama wa nchi kavu. Vya mbele hukua vikawa mapezi. Vya nyuma hunywea, na kufikia mwisho wa mwezi wa pili havionekani tena. Kwa pomboo mkubwa hubaki vijifupa viwili vidogo tu ndani ya nyama. Pua nayo huanzia mbele ya uso kama pua zetu, kisha husogea polepole mpaka utosini.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu wazee wa zamani sana wa pomboo walikuwa wanyama wa nchi kavu wenye miguu minne. Hao waliingia majini miaka milioni 50 hivi iliyopita. Mwaka 2006, wavuvi wa Taiji nchini Japani walimkamata pomboo mwenye mapezi mawili ya ziada upande wa nyuma, pale pale ambapo miguu ingekuwa.

KUZALIWA NA KULELEWA

Mtoto wa binadamu hutanguliza kichwa. Mtoto wa pomboo mara nyingi hutanguliza mkia. Kitovu hukatika chenyewe. Mara moja mtoto hupanda juu kuvuta pumzi yake ya kwanza, na pengine mama humsaidia. Mtoto huyo ana urefu wa karibu mita 1. Pezi lake la mgongoni limelegea, na mwilini ana mikunjo, kwa jinsi alivyokuwa amekunjwa tumboni. Huzaliwa na vinywele vichache mdomoni, baadaye hupukutika.

Chuchu za mama zimefichwa katika mikunjo ya ngozi, chini ya tumbo karibu na mkia. Mtoto hukunja ulimi kama mrija, akaushika nao chuchu ili maji ya chumvi yasiingie. Hunyonya kidogo, hupanda kupumua, hurudi tena. Maziwa yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe.

Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi kulea. Mtoto huanza kuonja samaki akiwa na miezi 6 hivi, lakini huendelea kunyonya kwa miaka 2 au zaidi. Huogelea ubavuni mwa mama, na maji anayoyasukuma mama humbeba. Ndiyo maana mama huzaa mara moja tu katika miaka 3 au zaidi.

TUFANYE NINI?

Sasa tulirudie swali la yule mkunga. Mtoto wa pomboo yule, kama alikuwa bado mchanga, asingeweza kuishi. Jarife lilimkamata mmoja, lakini huenda liliua wawili. Na pomboo akinaswa chini ya maji hafi kwa jeraha. Hufa kwa kukosa hewa.

Huko Kizimkazi, kusini mwa Unguja, zamani pomboo waliwindwa. Tangu miaka ya 1990 watu wa huko wamepata fedha kwa kuwapeleka wageni kuwaona wakiwa hai. Lakini hata huko, boti zikimfukuza mama, mtoto hapati nafasi ya kunyonya.

Basi wavuvi wenzetu, tushike haya:
1. Tusitege majarife mahali tunapoona pomboo na watoto.
2. Tukimkuta hai wavuni, tumwinue utosi uwe juu ya maji, kisha tukate nyuzi.
3. Tusimvute kwa mkia, wala tusimwagie maji kwenye tundu la pua.

Kijana yule wa jarife aliuliza mwisho wa somo, "Kumbe nikipoteza nyuzi chache, sijapoteza kitu?" Wanakisomo walimjibu wenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Taja mambo matatu yanayoonyesha kuwa pomboo si samaki.
2. Kwa nini pomboo hufa akinaswa chini ya maji?
3. Pomboo wakifa wengi kwa mwaka mmoja, kwa nini huchukua miaka mingi kuongezeka tena?